Ulimi Uliosingiziwa

Nyumbani kwetu tulizoea kusema kwamba mpwa wangu ana ulimi mzito. Alizaliwa na sindromu ya Down. Asubuhi moja jagi lilipinduka mezani, naye akatamka "maji!" waziwazi kama mtangazaji wa redio. Tukamzunguka, tukamwomba arudie. Midomo ilitapatapa, lisitoke neno. Kaka yangu akasema mtoto huyu mkaidi, nami nikaitikia. Jambo hilo hunisuta hadi leo.

Mwaka 1866 John Langdon Down, daktari Mwingereza aliyesimamia makao ya Earlswood, Surrey, alichapisha maelezo ya watu wa hali hii. Aliwafananisha na Wamongolia, na jina hilo la dharau Shirika la Afya Duniani lilikuja kuliacha mwaka 1965. Hata hivyo, katika makala hayohayo aliandika kwamba usemi wao ni mzito, kwamba uratibu wa viungo vyao una kasoro, na kwamba yote mawili huweza kuboreshwa sana, usemi kwa mazoezi ya ulimi yaliyopangwa vizuri.

Waliokuja baadaye walishika habari ya ulimi, wakasahau ile ya uratibu. Katika miaka ya 1980 madaktari kadhaa waliwapunguza watoto ulimi kwa kisu, wakiamini kuwa ni mkubwa mno. Utafiti uliochapishwa mwaka 1987 ukaonyesha kwamba matamshi ya waliopasuliwa hayakuwa bora kuliko ya wenzao. Nikiwafikiria watoto wale, ninanyamaza.

Ni kweli kinywa chao mara nyingi ni kidogo, misuli imelegea, na wengi husikia kwa shida. Lakini wengine wana tatizo la kupanga mwendo: neno wanalijua, ila amri ya ubongo kwa ulimi, midomo na taya hupoteza mpangilio. Ndiyo maana neno hutoka leo, kesho likakataa, na hukataa zaidi linapodaiwa. Mwaka 2006 Libby Kumin, mtaalamu wa usemi wa Marekani, alichapisha majibu ya wazazi wengi aliowauliza: dalili hizo zilikuwapo kwa watoto wengi, ila wachache tu ndio waliokuwa wametambuliwa.

Mpwa wangu sasa ni mtu mzima. Akikwama, hatumkodolei macho tena. Tunaendelea kuchambua mchele, na baada ya kitambo neno lenyewe huja.