Nani Anayelipia Habari?

Unapomlipa muuza magazeti asubuhi, waweza kudhani kuwa umelipia habari. La hasha. Fedha zile aghalabu hazitoshi hata gharama za karatasi na uchapaji. Kwa muda mrefu mlipaji mkuu amekuwa mtu mwingine, naye sasa amekwisha kuhama.

Mlipaji huyo alikaribishwa New York. Wakati huo magazeti ya mji ule yaliuzwa senti 6, na wasomaji wake walikuwa matajiri na wanasiasa. Tarehe 3 Septemba 1833, mpiga chapa wa miaka 23, Benjamin Day, ambaye mtambo wake ulikuwa hauna kazi ya kutosha, akatoa gazeti la The Sun kwa senti 1. Watoto walinunua kwake nakala 100 kwa senti 67 taslimu, wakazitembeza barabarani. Mafundi na vibarua nao wakawa wasomaji. Faida Day aliitafuta kwa wenye matangazo, ambao walitaka kuonekana na umati ule. (Mwaka 1835 gazeti hilo hilo lilidai kuwa mwezini kuna viumbe wenye mbawa, na watu wakalinunua kwa wingi. Tamaa ya wasomaji wengi ilikuwa na ubaya wake tangu siku hizo.)

Mpango huo ulienea duniani, ukadumu mpaka intaneti ilipokuja. Matangazo ya nyumba, kazi na magari yakahamia huko, mengi bila malipo. Nchini Marekani mapato ya matangazo ya magazeti yalikuwa kiasi cha dola bilioni 49 mwaka 2005. Mwaka 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10.

Gazeti moja la Ujerumani lilionja shida hiyo mapema, kwa sababu nyingine. Ni taz, lililoanza kutoka kila siku mwaka 1979 huko Berlin Magharibi, likiwa na matangazo machache. Nchi ilipoungana mwaka 1990, ruzuku iliyokuwa ikitolewa kwa shughuli za upande ule ikaondolewa. Wapo waliotaka atafutwe mwenye mtaji. Badala yake, mwaka 1992 wasomaji na wafanyakazi wakaunda chama cha ushirika. Najua neno ushirika linawatia wengi wetu shaka, kwa yale tuliyoyaona katika kahawa na pamba. Lakini hiki hakikufa. Leo kina wanachama zaidi ya 20,000. Hisa huanzia euro 500, na mwenye hisa nyingi ana kura moja tu sawa na mwenzake. Msomaji wa kila siku huchagua bei kulingana na uwezo wake, ili mwenye nacho amsaidie mwanafunzi.

Mlangoni mwao intaneti nayo ilibisha hodi. Tarehe 17 Oktoba 2025 walichapa kwa mara ya mwisho toleo la siku za kazi, likabaki la kusomwa katika simu na kompyuta. Toleo la mwisho wa wiki bado linachapwa katika karatasi, na wenye gazeti ni wale wale.