Ghala la Taifa na Jembe la Mkulima

Utamaduni wa taifa umo katika ngoma na mashairi, na umo vilevile katika chungu. Shule, hospitali, kambi za jeshi na magereza hulishwa kwa fedha ya umma, na fedha hiyo inakoelekea ndiko jembe linakopata nguvu. Historia ya mahindi nchini Tanzania yatuonyesha jambo hili waziwazi.

Ukame wa kati ya mwaka 1973 na 1975 uliilazimisha nchi kununua nafaka nyingi ng'ambo, kwa fedha za kigeni ambazo zilikuwa haba. Nyakati hizo za dhiki mahindi ya njano ya kigeni yaliingia majikoni, na watu wa mijini, wasiokosa utani hata katika njaa, wakayapa jina la unga wa Yanga kwa ajili ya rangi yake.

Katikati ya miaka hiyo Serikali iliweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima. Mkulima wa Songea au Sumbawanga, aliye mbali mno na Dar es Salaam, akalipwa sawa na jirani wa mji. Gharama ya kusafirisha ilibebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa, lililoundwa mwaka 1968. Kwa bei hiyo, pamoja na mbolea ya bei nafuu, mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la taifa.

Hata hivyo, neema hiyo ilikuwa na ila. Malipo yalichelewa, malori yalikuwa machache, na Shirika likazama katika madeni. Mkulima aliyechoka kungoja aliwauzia walanguzi, au alirudia kulima cha kumtosha yeye na wanawe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 biashara ya nafaka ilifunguliwa kwa watu binafsi. Bei moja ikatoweka, na mikoa ya pembezoni ikajikuta tena mbali na soko.

Mwaka 2008 uliundwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, nao hununua mahindi ya wakulima na kuyaweka akiba. Kwa hiyo funzo la zamani lingali na kazi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Serikali ichukuapo gunia pasipo kulipa, humkopa maskini. Na maskini aliyekopwa mara mbili hapandi mara ya tatu. Anayetaka taifa lile cha kwake, na ampelekee mkulima lori kabla ya mvua, na fedha kabla ya msimu wa kupanda.