Jibini Isiyo Ya Maziwa: Hukmu Yake Na Namna Ya Kuchagua Yenye Afya Na Ladha

SWALI:

Mimi ni mama, naishi Lagangabilili. Mtoto wangu wa miaka sita kila akinywa maziwa tumbo hujaa gesi na huharisha. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ametuletea jibini ya pakiti iliyoandikwa kuwa haina maziwa, na mtoto ameipenda. Je, ni halali? Ina faida kwa mtoto? Na ikiisha, huku kwetu tutapata wapi nyingine?

JIBU:

Sifa zote njema ni za Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo. Lagangabilili ni makao makuu ya Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, nchi ya wafugaji. Penye ng'ombe wengi, mtoto anayekataa maziwa huonekana ana deko, na mama yake hulaumiwa. Ndiyo maana tumeona tulijibu swali hili kwa upana. Kwa ufupi: jibini hiyo ni halali ikiwa viungo vyake ni halali, lakini aghalabu haichukui nafasi ya maziwa katika lishe ya mtoto, na vyakula vinavyolimwa huko huko Simiyu vinaweza kuichukua nafasi hiyo vizuri zaidi kuliko pakiti.

Hukmu ya sharia

Asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 168, watu wameamrishwa kula vilivyo halali na vizuri. Mambo mawili hayo huenda pamoja: chakula kiwe halali, na kisimdhuru mlaji.

Jibini ya maziwa nayo ni halali. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Umar kuwa Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliletewa jibini huko Tabuk, akaitisha kisu, akataja jina la Allah, akaikata. Khitilafu ya wanavyuoni ipo katika infaha, yaani kitu kinachotolewa tumboni mwa ndama anyonyaye ili kugandishia maziwa. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i, infaha ni twahara ikitoka kwa mnyama aliyechinjwa kisharia na ambaye hajala ila maziwa. Imam Abu Hanifa amesema ni twahara hata ikitoka kwa mfu. Jibini ya mimea haina infaha, hivyo khitilafu hiyo haiigusi.

Anayeacha maziwa kwa sababu yanamdhuru hana lawama. Hata anayeacha kwa kutoyapenda tu hana lawama, kwani Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) hakula nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani afananaye na kenge, wala hakuwakataza wengine. Lisilofaa ni kuiharamishia nafsi kile alichokihalalisha Allah, kama ilivyokatazwa katika Sura Al-Maida, aya ya 87.

Kwanza jua sababu ya kuacha maziwa

Usichague mbadala kabla ya kujua ugonjwa. Sababu kubwa ni hizi:

1. Tumbo kutohimili sukari ya maziwa. Sukari hiyo huitwa laktosi. Watu wengi duniani, wakikua, utumbo hupunguza uwezo wa kuisaga, hivyo hupata gesi, maumivu na kuharisha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha Watanzania, Wakenya na Wasudani. Waligundua kuwa baadhi ya jamii za wafugaji zina urithi wa damu unaowawezesha watu wazima kusaga laktosi, na urithi huo ni tofauti na ule wa Ulaya. Lakini hata katika jamii hizo si kila mtu amerithi. Mtu wa namna hii mara nyingi huweza maziwa ya mgando kiasi, kwa kuwa vijidudu vya kugandisha vimekwisha kula sehemu ya laktosi.

2. Mzio wa protini ya maziwa. Huu ni mwili wenyewe kupambana na maziwa: vipele, kuvimba midomo, kutapika, kubanwa pumzi. Mwenye mzio asipewe mgando wala jibini ya ng'ombe. Na wale wanaoshauri apewe maziwa ya mbuzi wamekosea, kwani protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Akibanwa pumzi au kuvimba uso, akimbizwe hospitali mara moja.

3. Maradhi mengine. Minyoo, amiba na maziwa yasiyochemshwa nayo huharisha. Kabla ya kuyalaumu maziwa, hakikisha yamechemshwa, na mtoto apimwe.

Mtoto asiyetimiza mwaka hukmu yake ni nyingine: aendelee kunyonya, wala asipewe maji ya soya wala nazi badala ya maziwa ya mama. Ikiwa ana mzio, daktari ndiye wa kuamua.

Namna ya kusoma pakiti

Kutokuwa na laktosi si sawa na kutokuwa na maziwa. Kwa mwenye mzio tofauti hiyo ni ya hatari. Tazama kama kuna kaseini au whei. Zote mbili ni protini za maziwa, na hupatikana hata katika baadhi ya bidhaa zinazotangazwa kuwa si za maziwa.

Kwa upande wa halali, tazama jelatini, ladha iliyotolewa kwenye divai au bia, na E471, ambayo huweza kutoka kwenye mafuta ya mimea au ya mnyama. Palipoandikwa kuwa yote ni ya mimea, shaka ya mnyama imeondoka. Shaka ya ulevi bado itazamwe.

Kwa upande wa afya, soma kiungo cha kwanza na cha pili. Nyingi ya jibini hizi ni maji, mafuta ya nazi na wanga. Jibini ngumu ya ng'ombe ina takriban gramu 25 za protini katika kila gramu 100; hizi za mafuta ya nazi aghalabu hazina hata gramu 2. Si haramu, na mtoto akila kidogo kwa ladha hapana ubaya, lakini mama asidhani kuwa amempa badala ya maziwa.

Muuzaji naye abainishe anachokiuza. Kumuuzia mtu mafuta na wanga kwa jina la jibini bila kumweleza ni ghishi, na ghishi imekatazwa.

Mbadala unaopatikana Simiyu

Simiyu hulimwa dengu, choroko, karanga na alizeti. Dengu kavu zina takriban gramu 20 za protini kwa gramu 100, karanga 25, na soya huzidi 30.

Jibini ya dengu. Chukua kikombe kimoja cha unga wa dengu, ule wa bajia, na vikombe vitatu vya maji. Koroga mpaka mabonge yaishe. Tia chumvi, bizari ya manjano na kitunguu thomu kilichotwangwa. Pika moto mdogo ukikoroga kwa mwiko kiasi cha dakika kumi, mpaka uji uwe mzito na ung'ae. Mimina katika bakuli lililopakwa mafuta, uache upoe saa mbili au tatu. Utaganda wenyewe bila ya kutiwa kitu. Kata vipande, kula hivyo au kaanga.

Jibini ya soya. Roweka soya usiku kucha, saga na maji, chuja kwa kitambaa cha melimeli. Chemsha maziwa yake si chini ya dakika kumi, kwani soya mbichi huzuia chakula kusagika. Epua, tia maji ya ndimu vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa kila lita, yaache yakatike, kisha chuja na ukandamize kwa kitu kizito. Baadhi ya watoto wenye mzio wa maziwa hudhurika na soya pia, hivyo anza na kidogo.

Karanga au ufuta wa kusaga. Kaanga, saga, tia chumvi na ndimu, upake kwenye mkate au kiazi. Chagua karanga kavu na safi; zenye ukungu zitupwe, kwani sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi.

Ladha ya jibini imesimama juu ya chumvi, uchachu na mafuta. Mtoto akiikataa ya dengu, ongeza ndimu baada ya kuepua, na kijiko cha mafuta ya alizeti. Chumvi iwe ya kiasi.

Kilichobaki ni madini ya kalisi na vitamini B12, ambavyo dengu na karanga hazivitoshelezi. Dagaa wa Ziwa Victoria, wakiliwa wazima na miba yake, hutoa vyote viwili, na mayai huongeza B12. Kwa hiyo sahani ya jibini ya dengu kwa dagaa na mboga humpa mtoto yale ambayo pakiti ya mafuta ya nazi haimpi.

Jibini isiyo na friji iliwe siku hiyo hiyo.

Tunamuomba Allah ampe mtoto huyu na watoto wote afya njema, na atujaalie kula vya halali na vizuri.

Na Allah Anajua zaidi.