Nguzo za Kalokol na Nyayo za Nayeche

Kaskazini-magharibi mwa Kenya, ukitoka Lodwar kwenda Kalokol, utakuta nguzo 19 za mawe meusi, nyingine zimesimama wima, nyingine zimelala upande. Waturkana husimulia kwamba ni wacheza ngoma waliogeuzwa mawe kwa kumdhihaki pepo. Mwaka 1978 wataalamu wawili walidai zimepangwa kufuata nyota. Wenzao wakapima upya na kulitilia shaka dai hilo. Nami naona afadhali ngoma.

Waliozisimika ni wafugaji wa miaka ipatayo 5,000 iliyopita, siku ambazo mvua ilipungua na Ziwa Turkana likaanza kurudi nyuma. Kazi yao kubwa iko Lothagam, karibu na ziwa hilo. Walikwangua mchanga wa ufuo hadi mwambani, wakazika humo kwa karne kadhaa watu wasiopungua 580. Shimo lilipojaa, wakalifunika kwa mawe na kusimika nguzo. Wazee kwa watoto wachanga walilala pamoja, karibu kila mmoja na mapambo yake. Mmoja alizikwa na pambo lililoundwa kwa meno 405 ya panya wa jangwani. Ila kaburi la bwana mkubwa halikuonekana, na utafiti uliotangazwa 2018 ulikazia jambo hilo. Tofauti na hao, Waetruski wa Italia ya kale, ambao nao wametuachia makaburi mengi kuliko maneno, waliwachorea matajiri wao karamu ukutani kule Tarquinia. Herodoto alisema walihamia kutoka Lidia. Vinasaba vilivyochunguzwa 2021 vikaonyesha ni wenyeji.

Waturkana wenyewe hawadai kuwa wenyeji wa tangu mwanzo. Historia yao inaanza Karamoja, Uganda, kwa Wajie. Nayeche, mwanamke wa huko, alifuata nyayo za fahali wa kijivu, Engiro, akashuka mashariki hadi bonde la mto Tarach, akakuta matunda ya porini tele. Vijana waliokuja kumtafuta fahali walimkuta ameshakaa. Wakarudi kwao, wakaja tena na mifugo na wenzao, na kilima alichokaa kikaitwa Moru Anayeche.

Mto huohuo wa Tarach hupita Kakuma, penye kambi ya wakimbizi. Mwaka 1992 walifika hapo maelfu ya wavulana waliokimbia vita vya Sudan, wakafuatwa na Wasomali, Waethiopia, Wakongo na Warundi. Sokoni wanauziana na wenyeji mbuzi, kuni na mahindi ya mgao, wakipatana bei kwa Kiswahili.