Nilimchora mjusi wa Tendaguru chini ya Kibo

Moshi, Jumamosi jioni

Leo najishtaki mwenyewe.

Wiki hii niko BTP kwenye shule moja huku mlimani. Jumatano nilikuwa na kipindi cha Historia, kidato cha kwanza, mada ya vyanzo vya historia. Usiku wake nilikesha na manila na markapeni nikimchora dinosaria wetu, yule ambaye wengi tunamwita mjusi wa Tendaguru. Ili watoto wamwone ni wa nyumbani nikamwekea migomba, nyasi za kijani, na nyuma yake Kibo na theluji. Picha ilipendeza, sifichi.

Katikati ya kipindi, msimamizi kakaa nyuma na fomu yake ya maksi, binti mmoja akanyoosha mkono: "Madam, na huu mlima ulikuwepo?" Nikajibu haraka, "Ndiyo, ulikuwepo," nikaendelea. Maksi nikapata nzuri tu. Usingizi ndio sikupata.

Maana jibu ni hapana. Mifupa ya Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, ina umri wa miaka milioni 150 hivi. Kilimanjaro ilianza kujijenga kwa volkano kama miaka milioni 2.5 iliyopita, na Kibo ndio kitinda mimba. Ukiufanya muda wote huo uwe saa moja, mlima wetu unaanza kuota dakika ya mwisho, kengele inakaribia kugongwa. Nyasi na migomba navyo vilikuja baadaye sana. Yaani nilichopatia ni shingo peke yake!

Sasa Tendaguru palikuwaje? Jibu limo kwenye udongo ule ule uliofunika mifupa. Tabaka zenye mifupa zinapishana na tabaka zenye makombe ya viumbe wa baharini. Kwa hiyo palikuwa pwani: maji ya chumvi yasiyo na kina, tope la kupwa na kujaa, na kwa ndani misitu ya miti jamii ya misonobari. Mchoraji makini anaanza na hayo, mnyama anafuata.

Hata mabingwa wamekosea. Mwaka 1941 mchoraji Zdeněk Burian alimchora mnyama huyu kazama majini, kichwa tu ndio kiko nje. Enzi zile wengi waliamini mwili mzito vile lazima ubebwe na maji. Mwaka 1951 mwanasayansi Kermack akaonyesha kwamba kwa kina kile maji yangembana kifua, asingeweza kuvuta pumzi. Leo anachorwa nchi kavu, anakula vilele vya miti.

Tena kuna picha nyingine isiyochorwa sana, ya waliomfukua. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913, mwanzoni wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Waliotoa jasho ni mamia ya watu wa kusini, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji. Walibeba mifupa kwa miguu, siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mwingine wa pale akapewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Yule mkubwa, Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937, na mpaka leo yuko huko, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtoto wa Kitanzania anamjua kwa picha tu. Ndiyo maana picha ya mwalimu ikidanganya, hana pa kwenda kuhakikisha.

Basi Ijumaa nikarudi darasani, safari hii bila msimamizi. Nikawaambia, "Juzi niliwadanganya. Mlima haukuwepo." Wakacheka, halafu wakanyamaza. Nikageuza manila upande wa pili tukachora upya, wao wakinielekeza: bahari hapa, tope pale, misonobari kule.

Yule binti akaja mbele kumalizia. Pale palipokuwa na Kibo hakuweka kitu. "Madam, hapa ni anga tu," akasema, akarudi kukaa.

Haya, ngoja nikaandae masomo ya Jumatatu. Tuonane wadau.