Jina la Aliyenunua

Mwaka 1997 Derek Sivers alikuwa mwanamuziki wa miaka 27, akiishi Woodstock, mji mdogo wa jimbo la New York, na alikuwa na CD yake mwenyewe ya kuuza. Maduka ya muziki mtandaoni yalikwishafunguliwa, lakini yote yalimjibu vilevile: leta mzigo wako kupitia msambazaji mkubwa. Msambazaji naye hakuwa na haja na mtu asiye na lebo. Wasanii wetu waliowahi kuzunguka Kariakoo na kanda mkononi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Akaamua kuuza mwenyewe. Benki ilimtoza dola 1,000 ili aweze kupokea malipo ya kadi, ikamweka miezi mitatu kwenye makaratasi, kisha ikatuma mkaguzi kuhakikisha biashara ipo kweli. Programu ya duka alijifunza kuiandika mwenyewe. Kitufe cha kununua kilipoanza kufanya kazi, wanamuziki wenzake wakamjia: tuuzie na zetu. Machi 1998 likazaliwa duka la CD Baby.

Bei aliipata dukani. Alikwenda duka la muziki la hapo mjini kuuliza wanavyofanya na CD za wenyeji, akaambiwa: panga bei unayotaka, sisi tunabaki na dola 4, na tunakulipa kila wiki. Akaichukua hesabu hiyo kama ilivyo, akaongeza dola 35 za kuingiza albamu mpya. Aliyeuza kwa dola 12 akaondoka na 8.

Duka lake alilijenga juu ya mambo manne ambayo yeye kama msanii angeyataka: alipwe kila wiki, asifukuzwe kwa kuuza kidogo, mahali pa mbele pasiuzwe kwa mwenye fedha, na apewe jina na anwani ya kila aliyenunua CD yake. Kwangu mimi hilo la mwisho ndilo lililokuwa mapinduzi. Msambazaji wa kawaida alimletea msanii hesabu ya nakala, basi. CD Baby ilimkabidhi watu. Ukiwa na majina 40 ya wanunuzi wa mji mmoja, unajua ukienda kupiga huko utamwandikia nani, na ukitoa albamu ya pili huanzi tena sifuri.

Aprili 2003 Apple ikafungua duka la iTunes. Mwezi uliofuata Sivers aliitwa California pamoja na wenye lebo ndogo, na mkuu wa Apple, Steve Jobs mwenyewe, akasimama kuwashawishi. Sivers akawatangazia wasanii wake kwamba kwa dola 40 atawafikisha huko; 5,000 wakalipa. Mkataba wa Apple ukakawia miezi, na Oktoba Jobs akazungumza jukwaani kwa dharau juu ya huduma za dola 40. Sivers akamrudishia kila mmoja fedha yake, jumla dola 200,000. Mkataba ulikuja baadaye, na kazi hiyo akaifanya bila ada ya kuingia, akibaki na asilimia 9 ya mauzo. Ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa utajiri wake.

Mwaka 2008 aliiuza kampuni kwa watengenezaji wa CD, Disc Makers, kwa dola milioni 22, akiwa ameshaihamishia kwenye mfuko wa kusaidia elimu ya muziki. Machi 2020 duka lenyewe la CD likafungwa, huku kampuni ikiendelea kupeleka nyimbo kwenye majukwaa ya kusikiliza.

Jina la mnunuzi lilikuwa limeshapotea kabla ya hapo. iTunes haikumpa msanii anwani ya mtu, wala Spotify haitoi. Msanii huru wa Mombasa au Dar es Salaam akifungua ripoti yake leo ataona wimbo umechezwa mara ngapi Muscat, mara ngapi London. Hana njia ya kuwashukuru wasikilizaji hao wala kuwaalika ukumbini, na jukwaa likibadilisha utaratibu wake, wote wanabaki kwa jukwaa.

Hata hivyo, mwaka uleule wa 2008 CD Baby ilipouzwa, lilizinduliwa duka la mtandaoni la Bandcamp, huko California. Hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kupakua, na msanii hupata barua pepe za walionunua. Bei ya chini huipanga yeye, na shabiki anaruhusiwa kulipa zaidi. Wapo wanaolipa zaidi, na msanii anaona ni akina nani.