Nchi Iliyogawiwa Bila ya Kuulizwa Wenyewe

Mwezi wa Januari, 1905, wageni watatu walishuka Mombasa: Meja Gibbons, Mwingereza, Kaiser, Mswisi, na Wilbusch, mhandisi Myahudi wa Urusi. Kisiwa hakikuwashangaa. Tangu mkataba wa 1895 Waingereza waliutawala mwambao wa Sultani wa Unguja kwa kumlipa kodi kila mwaka, na Ngome ya Wareno ilikuwa jela. Watu wa Mji wa Kale walijua sana maana ya kutawaliwa kwa karatasi wasiyoitia saini wao.

Wageni hao walikuja kukagua nchi ya kuwapa Wayahudi. Aprili 1903 Wayahudi wengi waliuawa katika mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi. Dhiki yao ilikuwa ya kweli, nasi hatuna budi kuikumbuka kabla ya kuhukumu. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alikuwa amepita Mombasa mwishoni mwa 1902 na kupanda gari la moshi kwenda bara. Nyanda za baridi alizoziona zilimpendeza. Mwaka uliofuata Serikali yake ikamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotaka kuwa na taifa lao, kwamba i tayari kuwatafutia makao Afrika ya Mashariki. Mpango ukaitwa wa Uganda, ijapokuwa nchi yenyewe ni Uasin Gishu, iliyo Kenya leo.

Walowezi wa Kizungu walipinga kwa kelele nyingi, kwani ardhi hiyo waliitaka wao. Wanandi, waliolisha ng'ombe huko baada ya Wamasai kushindwa vitani, hawakuulizwa na mtu.

Wale watatu walikwenda kwa gari la moshi hadi Nakuru, kisha kwa miguu. Taarifa zao hazikuwavutia Wazayuni, ambao wengi wao hawakutaka nchi ila Palestina, na mwaka ule ule wa 1905 mkutano wao wa Basel ukakataa. Wanandi hawakuokoka kwa hayo. Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Meinertzhagen, ofisa wa Kiingereza, katika mkutano ulioitwa wa amani. Na 1908 Makaburu wakaja kukaa Uasin Gishu.

Sasa msomaji na aliangalie jina moja. Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1903 alikuwa Arthur Balfour. Ni yeye yule ambaye, akiwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, aliandika barua ya tarehe 2 Novemba 1917 kuwaahidi Wayahudi makao ya taifa katika Palestina. Waarabu, waliokuwa kiasi cha tisa katika kila wakazi kumi, hawakutajwa kwa jina. Waliitwa jumuiya zisizo za Kiyahudi. Haki zao za kiraia na za dini ziliahidiwa kulindwa. Haki ya kujitawala haikutajwa, na Wapalestina wangali wakiidai.